Uzi: Watu tisa kutoka Arua, siku nne Kampala. Tule wapi, na kwa nini mwaka jana tulisubiri samaki kwa saa mbili na nusu?

#1 Mwalimu wa Arua

Salamu, wanajukwaa. Tunakusudia kushuka Kampala tarehe 27 Desemba na kurudi tarehe 30, tukiwa watu tisa katika gari moja la kukodi: mimi na mke wangu, watoto wetu wanne ambao mdogo ana miaka minne na mkubwa kumi na mitano, mama yangu mzazi ambaye ana kisukari, na dada yangu pamoja na mumewe. Shemeji ni Mwislamu, na hagusi chakula cha mahali ambapo nyama ya nguruwe inachomwa jiko moja na nyama nyingine. Malazi tumepata kwa ndugu huko Ntinda, lakini ndugu huyo ametamka wazi kwamba kitanda anatoa, jiko hatoi.

Mwaka jana tulifanya safari hii hii. Siku ya pili tuliingia hoteli moja kubwa ya kando ya ziwa, tukaagiza saa saba mchana, na samaki wa kwanza akafika mezani saa tisa na nusu. Mtoto mdogo alikuwa ameshalala, mama alikuwa amekula mkate aliouficha mkobani kwa sababu hawezi kukaa muda mrefu na njaa baada ya dawa, na mhudumu kila alipoulizwa alijibu neno moja tu, "inakuja". Meza ya jirani, vijana wawili waliofika baada yetu walikula, wakalipa, wakaondoka.

Ninaomba mnisaidie mambo mawili. Kwanza, mnieleze kwa nini hali ile ilitokea. Pili, mnieleze mnatazama nini mnapochagua mahali pa kula na familia kubwa katika mji ambao si wenu. Sihitaji orodha ya majina matupu, kwa maana majina ninaweza kuyasoma barabarani.

#2 Kijana wa Wandegeya

Mwalimu, jibu ni jepesi. Wakati wa Krismasi Kampala hubaki tupu, kwa sababu wapishi na wahudumu nao wana vijiji vyao, nao husafiri kama wengine. Mlihudumiwa na watu wachache waliobaki, pengine hata na mlinzi aliyevalishwa aproni.

Ushauri wangu ni kuacha hoteli kubwa na kuja Wandegeya. Rolex hupikwa mbele ya macho yako: mayai yanakaangwa pamoja na kitunguu, nyanya na kabichi, yanalazwa juu ya chapati, inakunjwa, na umekwisha kula. Hakuna anayeweza kukuambia "inakuja" ilhali unaiona kwenye kikaango.

#3 Afande Mstaafu

Kosa ni la kamanda. Watu tisa wakiingia mahali, anazungumza mmoja, na kinaagizwa chakula cha aina moja. Mimi huwaambia wajukuu wangu tukiwa bado njiani kwamba leo ni wali na kuku, asiyetaka wali na kuku atakunywa chai. Hatujawahi kusubiri zaidi ya dakika arobaini.

#4 Mpishi wa Zamu

Afande amewacheka wajukuu wake, lakini amegusa ukweli ambao wateja wengi hawaujui. Nimefanya kazi katika majiko ya mjini kwa miaka kumi na moja, sehemu tatu tofauti, nami nitaeleza jinsi inavyokuwa ndani.

Oda ya meza moja huandikwa kwenye karatasi moja, na desturi ya majiko mengi ni kwamba chakula cha karatasi moja kitoke pamoja, ili mmoja asile huku mwenzake akitazama. Kwa hiyo meza nzima huenda kwa mwendo wa kile kinachochelewa kuliko vyote. Tilapia mzima wa kukaanga huchanjwa ubavuni, hutiwa chumvi na viungo, kisha huingia kwenye mafuta mengi, na kikaango cha kawaida hubeba samaki wawili au watatu wakubwa. Mkiagiza watano, hiyo ni mizunguko miwili au mitatu, na kila baada ya mzunguko ni lazima mafuta yapate moto tena, vinginevyo samaki atanyonya mafuta badala ya kuiva. Wakati huo huo kuna meza nyingine nne zilizoagiza samaki kabla yenu. Vijana wawili wa jirani yawezekana waliagiza chipsi, na chipsi huwa zimeshakaangwa mara ya kwanza asubuhi.

Kwa hiyo mimi ninapokwenda kula na familia yangu, kitu cha kwanza ninachotazama ni urefu wa menyu kulinganisha na ukubwa wa jiko. Mahali penye jiko la wapishi wawili na menyu ya kurasa kumi na mbili, ninasimama na kuondoka.

#5 Mama Pacha, Mbale

Ninampinga kidogo Kijana (#2). Ni kweli mji hupungua watu, lakini sisi tulikuwa Kampala tarehe 28 mwaka juzi, tukiwa saba, tukahudumiwa vizuri kuliko siku za kawaida, barabara zikiwa wazi na mameza yakiwa matupu. Kama upungufu wa wafanyakazi ndio sababu, mbona haukutukuta sisi?

#6 Kijana wa Wandegeya

Labda mlikutana na mpishi asiye na kijiji.

#7 Mhasibu wa Ntinda

Mnazungumza juu ya mafuta ya kukaangia, lakini hoteli ni biashara, na biashara huongozwa na hesabu. Meza ya familia hukaa saa tatu, hunywa soda mbili zilizogawanywa kwa vikombe, humwaga mchuzi, na watoto huchezea vijiti vya meno. Meza ya wanywaji bia huagiza kila baada ya dakika ishirini, na huacha bakshishi. Mhudumu anayetegemea bakshishi atakwenda wapi kwanza? Hakuna anayemwagiza awacheleweshe nyinyi. Miguu yake tu inajua njia.

Jambo la pili, mtazame chini ya ukurasa wa mwisho wa menyu kabla ya kukaa. Mimi niliwahi kuwaalika wakwe zangu mahali ambapo bei zilikuwa zimeandikwa bila kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 18. Nilihesabu kichwani shilingi 300,000, bili ikaja 354,000, na ilinibidi nitabasamu mbele ya baba mkwe kana kwamba nilijua tangu awali. Kodi hiyo hutozwa na aliyesajiliwa tu, naye anapaswa kukupa risiti ya mfumo wa EFRIS wa Mamlaka ya Mapato. Akikutoza kodi kisha akakupa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu, muulize kwa upole kodi hiyo inakwenda wapi.

#8 Hajati wa Kibuli

Asalaam alaikum. Nitazungumza juu ya shemeji, kwa sababu hakuna aliyemkumbuka.

Mwalimu, usitosheke na kibandiko cha halali mlangoni. Katika mji huu wachinjaji wengi wa ng'ombe na mbuzi ni Waislamu, hivyo nyama yenyewe mara nyingi haina tatizo. Tatizo huanzia kwenye wavu wa kuchomea na kwenye kisu. Muulize mchomaji mwenyewe, usimuulize mhudumu, maana mhudumu amefundishwa kusema ndiyo. Kama nguruwe inauzwa hapo, mchomaji hawezi kuficha, kwa sababu wateja wake wa jioni wanamfuata kwa ajili hiyo.

Kwa utulivu wa moyo, Kisenyi kuna wapishi wa Kisomali, ambao wali wao huletwa na nyama ya mbuzi na ndizi mbivu kando, na chakula huwa kimeiva mnapoingia mchana. Kabalagala kuna hoteli za Kihabeshi ambazo watu hula sinia moja: injera inatandikwa, michuzi inamiminwa juu yake, na watu sita wanakula pamoja kwa mikono. Hapo hakuna suala la karatasi ya oda alilolieleza Mpishi (#4), kwa sababu oda ni moja. Hata hivyo nendeni mchana. Usiku Kabalagala ni mji mwingine, na hamtapenda maswali ambayo watoto watauliza.

#9 Mvuvi wa Panyimur

Nimesoma yote na ninaona kwamba kila mtu anamlaumu mpishi, mhudumu au mteja. Mtu wa kulaumiwa ni samaki mwenyewe, ambaye hakuwapo.

Hoteli hainunui tilapia hamsini asubuhi bila kujua kama watakuja walaji hamsini. Inanunua kumi na tano. Mkifika saa saba, kumi na wawili wameshaliwa, nanyi mnataka watano. Mhudumu hatasema "wamekwisha", kwa sababu mtaondoka. Anasema "inakuja", kijana wa bodaboda anatumwa mwaloni, anapatana bei, samaki anaparuliwa magamba, ndipo safari ya kikaango inaanza. Nimewauzia vijana wa namna hiyo mara nyingi, nao hufika wakitweta, na kila mmoja husema mteja amekaa mezani.

Dawa yake ni rahisi. Kabla ya kukaa, omba uoneshwe samaki, umchague mwenyewe kwa ukubwa. Asiyeweza kukuonesha hana.

#10 Mhasibu wa Ntinda

Mvuvi, bodaboda gani hutumia saa mbili na nusu kutoka mwaloni, ilhali Mwalimu amesema hoteli iko kando ya ziwa?

#11 Mvuvi wa Panyimur

Kuwa kando ya ziwa si kuwa kando ya mwalo. Fukwe za starehe huwa zimejengwa mahali ambapo mashua hazitii nanga, kwa sababu wageni hawapendi harufu yetu.

Na kwa kuwa tumefika hapo, ninaomba turekebishe jina. Watu wa Kampala humwita kila tilapia "ngege". Ngege wa asili wa Ziwa Viktoria ni samaki mwingine, ambaye amekuwa adimu sana tangu sangara na tilapia wa Nile walipopandikizwa ziwani katika karne iliyopita. Mnayemla leo kwa jina la ngege, kwa kawaida ni yule tilapia wa Nile. Si mbaya, lakini jina si lake. Sisi wa Ziwa Albert tuna samaki wetu angara, na hatumwiti kwa jina la mwingine.

#12 Mtani wa Tororo

Mnazunguka mbuyu. Mwalimu, mliagiza kwa lugha gani?

Nina miaka sitini na minne. Kampala ninayoikumbuka mimi, aliyezungumza Kiswahili alidhaniwa kuwa askari au mwizi, na katika miaka ya sabini na themanini mara nyingine hapakuwa na tofauti kubwa kati ya hao wawili. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili kikatiba tangu mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini masikio ya watu hayabadiliki kwa tamko. Mteja akisema "ssebo, tuwe ekyennyanja" kwa Kiluganda, yaani "bwana, tupe samaki", anakuwa mtoto wa nyumbani. Akisema "naomba samaki", uso wa mhudumu unakuwa wa barazani. Sisemi wanafanya kwa chuki. Ninasema mgeni husubiri.

#13 Binti Bombo

Mzee Mtani, shikamoo. Mimi ni Mnubi, Kiswahili na Kinubi ndivyo nilivyolelewa navyo, na ninaishi karibu na mji huo. Sijawahi kunyimwa sahani kwa sababu ya lugha katika miaka hii. Vijana wanaohudumu siku hizi wamezaliwa baada ya hayo unayoyasimulia, na wengi wao wametoka Busia, Kasese na hata Arua kwenyewe. Jaribu kuzungumza nao Kiswahili na utaona wanavyofurahi kupata mtu wa kuzungumza naye. Kwa wazazi wetu lilikuwa kweli. Kwa samaki wa Mwalimu, nina shaka.

Halafu, Mwalimu, mtapita Bombo mkishuka. Kina mama wetu hupika gurusa, zile chapati laini nyembamba, pamoja na mchuzi mzito. Shemeji atakula bila kuuliza swali hata moja.

#14 Afande Mstaafu

Ninaunga mkono hoja ya Bombo. Nimekula kambini Bombo miaka mingi, ingawa si kwa hiari yangu na si kwa menyu.

#15 Mwalimu wa Arua

Asanteni. Ninajibu maswali kwa mkupuo.

Tuliagiza samaki watano, kuku wawili wa kukaanga, chipsi na soseji kwa mtoto mdogo, na pilau kwa mama. Kwa hiyo Afande na Mpishi wananisomea hukumu. Niliagiza kwa Kiswahili, mke wangu akarudia kwa Kiingereza. Vijana wa meza ya jirani hawakunywa bia, walikunywa soda moja moja, na walikula samaki pia, tena mzima. Ninasisitiza jambo hilo kwa sababu linaharibu maelezo ya Mhasibu, na la Mpishi kuhusu chipsi, na sijui kama halimharibii Mvuvi pia.

Samaki aliyekuja alikuwa mtamu. Hilo lazima niliseme.

#16 Mvuvi wa Panyimur

Haliniharibii hata kidogo. Walikuwa wawili, na samaki waliobaki walikuwa watatu. Hesabu hiyo haimhitaji Mhasibu.

#17 Mpishi wa Zamu

Au waliagiza kwa simu wakiwa njiani. Wenyeji wa mji hufanya hivyo sana: anapiga simu saa sita, anasema samaki wawili wakubwa, anafika saa saba unusu, anakula. Anayetazama kutoka meza ya pili anaona muujiza.

#18 Ssenga wa Mengo

Nimeshangaa kwamba watu wanapanga kumleta mama mzazi Buganda kwa siku nne na hakuna aliyetaja luwombo.

Luwombo ni chakula cha mchana, na jambo hilo hamtaliona kwenye menyu yoyote. Jani changa la mgomba hubabuliwa kidogo motoni ili lilainike, mshipa wake wa katikati huchongwa, nyama au kuku aliyekwisha kukaushwa kwa moshi huwekwa ndani pamoja na mchuzi wake au karanga za kusaga, kisha jani hufungwa kama mfuko na kupikwa kwa mvuke, taratibu, kwa saa nyingi. Mahali panapoheshimika, huwekwa jikoni alfajiri. Saa sita na nusu mchana kinafunguliwa na harufu inajaza chumba. Saa mbili usiku, unacholetewa kwa jina la luwombo ni masalio ya mchana au ni mchuzi uliomiminwa kwenye jani ili jani lionekane. Kwa hiyo ukitaka kupima hoteli ya vyakula vya kienyeji, uliza kwa upole luwombo imebaki ya aina gani saa nane mchana. Wakikuambia aina zote zipo, ondoka. Wakikuambia imebaki ya karanga tu, kaa.

Husimuliwa kwamba luwombo ilibuniwa mwaka 1887 na Kawunta, mpishi wa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Mpishi wa Kabaka alikuwa na sababu nzuri ya kutochelewesha chakula.

#19 Mtani wa Tororo

Ssenga, majani ya migomba yalikuwapo kabla ya Kawunta. Huyo alipewa sifa kwa kuwa alikuwa karibu na kiti.

#20 Ssenga wa Mengo

Ndiyo sababu nimeandika "husimuliwa", mzee wangu. Watu wa Tororo husoma nusu ya sentensi.

#21 Dereva wa Karuma

Mimi huendesha abiria barabara hiyo, nami nitasema jambo ambalo wenye mji hawalioni. Kutoka Arua ni karibu kilomita 500. Mkiondoka alfajiri, mtavuka daraja la Karuma asubuhi, na hapo watoto watataka kila kitu kinachopitishwa dirishani: nyama ya mshikaki, muhogo wa kuchoma, gonja, yaani ndizi tamu za kuchoma. Luweero watataka mananasi. Mtafika Kampala alasiri matumbo yakiwa yamejaa vitu vidogo vidogo, hakuna mwenye njaa, lakini kwa kuwa ni siku ya kwanza ya likizo baba ataona aibu kutowapeleka mahali pa maana. Mtaagiza chakula kikubwa, kitachelewa, watoto watalala, na chakula kitafungwa kwenye mifuko. Nimewashusha watu wengi wenye mifuko hiyo.

Siku ya kuwasili msitafute hoteli. Kuleni chapati na maharagwe karibu na mnapolala, mlale. Hoteli ni kesho mchana.

#22 Kijana wa Wandegeya

Chakula hicho kina jina. Ni kikomando, na kimewasomesha mawakili wengi wa nchi hii.

#23 Muuguzi wa Lira

Kwa ajili ya mama. Saa ya kula ipangwe kufuata dawa zake, na hoteli ifuate saa hiyo. Awe na kitu kidogo mkobani kila wakati kama alivyofanya mwaka jana, maana mkate ule ulikuwa wa busara kuliko hoteli. Mkiagiza juisi ya matunda, semeni kabla haijatengenezwa kwamba isitiwe sukari, kwa sababu sehemu nyingi huitia bila kuuliza. Na msimwachie achague mwisho. Wazee wetu huagiza kilicho rahisi kwa bei wakidhani wanawasaidia, ndiyo sababu alikula pilau ilhali wengi walikula samaki.

#24 Mwalimu wa Arua

Muuguzi, hilo la mwisho limenigusa. Sikuwa nimeliwaza.

#25 Mama Pacha, Mbale

Kwa watoto, chagueni mahali ambapo kusubiri si kusubiri. Kituo cha Ndere, upande huo huo wa Ntinda mtakakolala, huwa na ngoma za makabila mbalimbali jioni na chakula pia. Ulizeni ratiba yao ya wiki hiyo mapema. Pacha wangu walisahau kabisa kwamba hawajala hadi ngoma za Kiacholi zilipokwisha. Siku nyingine nendeni Entebbe kuwaona wanyama asubuhi, kisha mle kando ya ziwa mkishuka kutoka huko. Au Makumbusho ya Taifa, barabara ya Kira, halafu mle Kamwokya, ambako kuna vibanda vya matooke na samaki ambavyo kila sufuria unaifunua na kuchungulia.

#26 Mhasibu wa Ntinda

Wakitumia barabara mpya ya Entebbe wakumbuke ada, ambayo kwa gari dogo ni shilingi 5,000 kwa safari moja. Gari la watu tisa waulize mlangoni. Nami sijashindwa katika hoja yangu ya #7. Soda mbili za haraka ni bora kwa mhudumu kuliko watu tisa wa kudumu.

#27 Hajati wa Kibuli

Mama Pacha amesema neno ambalo wote mmelipita: kufunua sufuria. Mahali ambapo chakula kimeshapikwa, unaona, unachagua, unakula. Huko ndiko familia kubwa zinakofaa. Kusubiri ni kwa watu wawili wanaoposana.

#28 Mpishi wa Zamu

Hajati, kwa heshima, chakula kilichokwisha kupikwa kina saa yake. Saa saba ni kizuri. Saa kumi na moja kimepashwa moto mara tatu, na tumbo la mtoto wa miaka minne ndilo litakalowaambia. Mkienda kwenye sufuria, nendeni mapema na mtazame mvuke.

#29 Mwalimu wa Arua

Tumekaa jana usiku na kupanga hivi. Tarehe 27, chakula cha mchana Bombo, na usiku kikomando. Tarehe 28, luwombo saa sita na nusu, mama akichagua wa kwanza. Tarehe 29, Entebbe na samaki, ambao nimepanga kuwaagiza kwa simu siku moja kabla na kuwatazama kabla ya kukaa. Watoto wamepiga kura wakitaka chipsi na kuku siku zote nne, na wameshindwa kwa kura tano dhidi ya nne. Mama amesema atabeba enyasa, ule ugali wetu wa Kilugbara, kutoka nyumbani, hajali tutapanga nini.

#30 Afande Mstaafu

Mtoto wa miaka minne alipewaje kura? Nchi hii inaharibika.

#31 Mtani wa Tororo

Mwalimu, kwa kuwa unapiga simu, tufanyie uchunguzi. Piga mara moja kwa Kiswahili, kisha mtu mwingine apige kwa Kiluganda, mtuletee majibu.

#32 Mwalimu wa Arua

Tumefanya hivyo leo asubuhi, ili kuulizia nafasi tu. Mimi nilipiga kwa Kiswahili, nikaambiwa nafasi zipo, karibuni sana. Dada yangu, ambaye alisoma Mukono, alipiga nusu saa baadaye kwa Kiluganda. Naye aliambiwa nafasi zipo, karibuni sana. Ila yeye aliulizwa watakuwa watu wangapi na samaki wa ukubwa gani. Mimi sikuulizwa.

#33 Mtani wa Tororo

Mmeona?

#34 Binti Bombo

Aliyepokea simu zote mbili alikuwa mtu yule yule?

#35 Mwalimu wa Arua

Hapana. Mimi nilipokelewa na mwanamume, dada alipokelewa na mwanamke.

#36 Mpishi wa Zamu

Huyo mwanamke mwulizeni jina lake, na siku hiyo mkifika mumtafute yeye.